Binti Ameanza Kompyuta Vizuri Alafu Kaacha: Mwongozo Kamili kwa Wazazi na Walimu wa Lamu

Swali ni lile lile kila muhula. Naulizwa jetini, naulizwa matangani, juzi nimeulizwa kwenye mashua ya Mokowe nikiwa nimekumbatia mtungi wa gesi: mwalimu, tulianzisha klabu ya kompyuta, wasichana wakajaa mpaka wengine wakasimama mlangoni, wiki ya tano wamebaki watatu na wote watatu ni watoto wa walimu, tumekosea wapi?

Mimi mwenyewe nimekosea hivyo hivyo mara mbili. Mara ya kwanza nilianza na wasichana kumi na nne nikamaliza na wawili, na nikawalaumu wao, nikasema hawapendi hesabu. Baadaye nilipopita nyumba kwa nyumba kuuliza, hakuna hata mmoja aliyeniambia kompyuta ilimshinda. Wengine ratiba iligongana na madrasa, mmoja kaka yake alimwona anarudi magharibi imeshaadhiniwa, wanne hawakuwahi kugusa mausi hata siku moja manake wavulana walikuwa wameikamata tangu kengele mpaka kengele, na waliobaki walisema tu hawakujua hii kitu inawapeleka wapi. Yote hayo ni mambo ya watu wazima. Kwa hiyo huu mwongozo hauna kazi nyingi ya kumfanyisha binti, kazi nyingi ni yako.

Fuata kwa mpangilio. Hatua ya 1 na ya 2 ndio watu huziruka, na ndio maana wananiuliza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Laptopu au kompyuta, moja kwa kila wasichana wawili, isizidi hapo. Eks-UK, yaani mtumba wa Uingereza, yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 inatosha kabisa. Ukiwa nazo tatu, chukua wasichana sita. Usichukue ishirini.
- Flashi mbili, moja ya kazi na moja ya akiba.
- Programu hizi ukiwa umeshazipakua mahali penye waifai nzuri: Scratch ile ya kutumia bila intaneti, Thonny ya kuandikia Python (lugha ya kuandikia programu), na LibreOffice ya kuandika barua na hesabu. Zote ni za bure.
- Daftari moja kwa kila msichana, na saa ya ukutani yenye kuonekana na kila mtu.
- Kontena la plastiki lenye kifuniko cha kubana, na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Wa bara watacheka hapa. Sisi tunajua chumvi ya bahari inavyokula matundu ya chaja, laptopu ikilala wazi dirishani msimu mmoja wa kusi utaona mwenyewe.
- Ekstensheni yenye kinga ya umeme, stima zetu mnazijua.
- Namba ya simu ya mzazi wa kila binti, na ya pili ya mtu mwingine wa nyumba ile.

Intaneti haimo kwenye orodha na sijasahau. Kwa miezi mitatu ya kwanza huihitaji. Bando likiwa ndio sharti la darasa, siku pesa imekosekana darasa limekufa.

## Hatua ya 1: Bisha hodi nyumbani kabla hujawasha kompyuta

Walimu wengi wanatuma barua na mtoto. Barua inakaa kwenye begi mpaka inakuwa unga. Nenda mwenyewe, baada ya alasiri, na kama wewe ni mwanaume nenda pamoja na mwalimu wa kike au mama mmoja wa mtaa anayeheshimika. Shikamoo zako zote zitimie ndio ufungue maneno.

Ukifika, mjue mwenye kauli. Baba pengine yuko baharini au Mombasa, na neno la mwisho liko kwa nyanya aliyekaa kimya pale kitandani akichambua mchele. Ukimaliza na mama bila kumwelekea nyanya, umepoteza safari.

Usiende na maneno makubwa. Mimi nilimwelezea mama mmoja wa Langoni habari ya kufundisha watoto "kodi" kwa dakika ishirini nzima, akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, alafu akauliza, sasa mwalimu, hawa watoto serikali itaanza kuwatoza lini? Tangu siku ile nasema kuandika programu. Nasema M-Pesa unayotumia, mama, kuna watu waliketi wakaiandika mstari kwa mstari, na mmoja wa watu hao anaweza kuwa huyu hapa. Nawaambia pia habari ya Ushahidi, ile programu ya Wakenya ya mwaka 2008 iliyokusanya ripoti za fujo za baada ya uchaguzi na kuziweka kwenye ramani, ikaja kutumiwa na nchi nyingine nyingi. Mmoja wa walioianzisha ni mwanamke, Juliana Rotich. Na jina lenyewe ni Kiswahili chetu, hapo hata nyanya ananyanyua kichwa.

Alafu toa ahadi nne na uzitimize: saa ya kutoka itajulikana na haitapita, kutakuwa na mtu mzima wa kike chumbani muda wote, mlango utakuwa wazi, na hakuna picha ya binti itakayopigwa wala kutumwa popote bila ruhusa ya nyumba. Hii ya picha usiichukulie mchezo. Nilishawahi kupoteza wasichana watano kwa siku moja kwa sababu mgeni mmoja mfadhili alipiga picha ya darasa akaiweka mtandaoni, wasichana wengine mabuibui wameyavua kwa joto. Sikumlaumu mzazi hata mmoja.

Mwalike mama aje akae darasani siku yoyote bila kupiga simu. Wengi hawaji. Ila kujua anaweza kuja ndio kunamtuliza.

Onyo: usiahidi kazi wala mshahara. Ukisema "atapata kazi nzuri Nairobi" umewatisha mara mbili, kwanza kwa Nairobi, pili siku kazi isipopatikana.

Utajua umefaulu pale mama anapokupigia yeye kuuliza kama darasa lipo leo. Akisubiri umpigie wewe kila wiki, rudi tena ukanywe kahawa.

## Hatua ya 2: Panga saa kwa kufuata madrasa, maji na kazi za nyumbani

Jumamosi asubuhi ndio saa kila mtu anayoifikiria kwanza na ndio mbaya kuliko zote. Jumamosi kuna madrasa, kuna nguo za wiki nzima, kuna wadogo wa kulea. Msichana anakuja wiki mbili, ya tatu anachelewa, ya nne anaona haya kuingia amechelewa, ya tano hayupo.

Mfuate maalimu wa madrasa umuulize saa zake. Mimi nilikuwa naogopa kumfuata, nilidhani atapinga, kumbe alichotaka ni kuulizwa tu, na mwisho binti yake mwenyewe akaja. Kwetu tulipata Alhamisi baada ya sala ya alasiri kwa sababu madrasa ya mtaa wetu siku hiyo hawasomi. Kwenu inaweza kuwa nyingine, uliza.

Saa moja na nusu inatosha. Kila mtu awe nyumbani kwao kabla ya magharibi, na hesabu na njia, si mlango wa darasa tu. Wa Shela wakumbuke maji, yakijaa kisawasawa ile njia ya ufukweni inamezwa, na wa Matondoni wanategemea chombo. Ramadhani punguza iwe dakika arobaini au pumzisha kabisa ila tangaza mapema na useme tarehe ya kurudi, la sivyo mapumziko yanageuka kuwa kuacha.

Wazazi, hapa kuna lenu. Kama binti ana zamu ya vyombo Alhamisi, kaka yake aishike hiyo siku moja. Najua baadhi ya nyumba hili ni zito kuliko kununua laptopu. Lakini hakuna programu itakayomsaidia mtoto anayefika amechoka, mikono inanuka sabuni ya unga, na bado anawaza maji hayajachotwa.

Utajua umefaulu kama wiki ya sita idadi ni ile ile ya wiki ya pili. Ya kwanza usiihesabu, ya kwanza kila mtu huja kuangalia.

## Hatua ya 3: Angalia mkono wa nani uko kwenye mausi

Hii nairefusha kwa sababu ndio kosa ambalo hata walimu wazuri hawalioni.

Kaa nyuma ya darasa la mchanganyiko dakika kumi, usiseme neno, angalia mikono tu. Mvulana anashika mausi, msichana anashika daftari. Mvulana anabonyeza, msichana anasoma maagizo kwa sauti. Kazi inaisha, mwalimu anasema vizuri sana, wote wawili wanapata alama, na msichana ametoka pale anajua kuandika kwenye daftari, jambo alilolijua tangu darasa la kwanza. Ukifanya hivyo mwaka mzima alafu useme wasichana wanaogopa mashine, wewe ndiye uliyewanyima mashine.

Sio lazima utenganishe shule. Tenganisha mashine. Wasichana wawili mashine yao, wavulana yao. Na hata wasichana wawili wenyewe, mmoja atakuwa mkali na mwingine mpole, kwa hiyo tumia saa ya ukutani: kila dakika kumi unasema "badili", wanabadilishana viti kabisa, si mausi peke yake. Asiyeshika mausi ndiye anayeamua cha kufanya, anayeshika anatekeleza. Hivyo kila mmoja anafikiri na kila mmoja anabonyeza.

Na wewe mwalimu, mikono nyuma. Namaanisha nyuma mgongoni, ushike kiwiko. Msichana akikwama hamu ya kuinama na kuichukua mausi itakushika kama mwasho. Ukiichukua umemwambia bila maneno kwamba hawezi. Wavulana tunawaambia jaribu tena, wasichana tunawaambia haya sogea kidogo nikufanyie, na tunadhani hiyo ya pili ni huruma.

Onyo: kuna mwalimu atakuambia mbona unawabagua wavulana. Mjibu kwa kumwalika aje ahesabu mikono.

Utajua umefaulu siku utakapoingia na kukuta kelele. Wasichana wanaogombana kuhusu programu yao wenyewe wana kelele nyingi sana.

## Hatua ya 4: Wiki mbili bila mashine, alafu Scratch

Anza na kompyuta zimezimwa. Sababu ni mbili. Kwanza, mtoto aliyewahi kushika laptopu kwa mjomba wake Mombasa hatakuwa mbele ya yule ambaye hajawahi. Pili, hata stima ikipotea darasa linaendelea, na wasichana wanajua hivyo.

Wiki ya kwanza, kadi tano. Kata kadi tano za boksi, chora nukta upande mmoja: 16, 8, 4, 2 na 1. Wasichana watano wasimame mstari, kila mmoja na kadi yake, wakitazama darasa. Kadi ikionyeshwa nukta ni 1, ikigeuzwa ni 0. Sasa muulize mtu tarehe aliyozaliwa. Tarehe 19? Wafikiri nani ageuze na nani aonyeshe: 16, na 2, na 1, jumla 19, kwa hiyo mstari unasomeka 10011. Kadi tano zinafika mpaka 31, tarehe zote za mwezi zimo. Hapo ndio unawaambia kompyuta nzima haijui kingine zaidi ya hiki, kuonyesha na kugeuza. Huwa wananyamaza kidogo, alafu mmoja atauliza na herufi je, na ukiulizwa hivyo ujue mambo yameanza kuingia.

Wiki ya pili, punda. Msichana mmoja ni punda, kafungwa kitambaa macho. Mwingine anampeleka kutoka mlangoni mpaka dirishani kwa amri tatu tu: hatua mbele, geuka kulia, geuka kushoto. Punda haelewi "nenda pale", haelewi "kidogo tu". Punda akigonga meza kosa ni la aliyeandika amri, sio la punda. Sisi watu wa Lamu hatuhitaji maelezo marefu hapa, kila mtu ameshawahi kukwama kichochoroni na punda asiyetaka kuelewa. Wakizoea, wape amri ya nne, "rudia mara", na uone jinsi karatasi ya maagizo inavyofupika.

Baada ya hapo fungua Scratch, ambayo ilitengenezwa chuo cha MIT Marekani kwa ajili ya watoto, unaunganisha vipande vya rangi badala ya kuandika. Kazi ya kwanza ni ile ile ya punda, kichochoro kimechorwa kwenye skrini. Wanaitambua mara moja. Kaa na Scratch wiki sita mpaka nane, usiikimbie.

## Hatua ya 5: Python, na adabu ya kosa

Hapa ndipo wengi wanavunjika moyo kwa hiyo nenda pole pole. Fungua Thonny, waandike hii:

bei = 10
idadi = int(input("Mahamri mangapi? "))
print("Jumla ni shilingi", bei * idadi)

Ona kwamba bei na idadi ni maneno yetu. Majina ya vitu ndani ya programu unayachagua mwenyewe, na watoto wengi hakuna anayewaambia hivyo, wanadhani lazima Kiingereza kitupu. Maneno kama print na input ndio ya Python yenyewe, hayo yanabaki.

Sasa makusudi waambie waondoe int na mabano yake, ibaki input peke yake, alafu wanunue mahamri matano. Kompyuta itajibu shilingi 5555555555. Bilioni tano na ushee kwa mahamri matano! Waache wacheke kwanza. Alafu uliza kwa nini. Ni kwa sababu bila int ile 5 waliyoandika inachukuliwa kama herufi, si namba, na Python ukiiambia kumi mara herufi 5 inaiandika ile 5 mara kumi. Haijakosea, imefanya ulichosema. Ni punda yule yule.

Kila kosa likitokea, uliza maswali matatu tu na usiongeze: inasema mstari wa ngapi? Inasema nini? Wewe ulitarajia nini? Wayaandike kwenye daftari, kosa na dawa yake. Binti mmoja daftari lake lilifika makosa arobaini na moja, alikuwa analionyesha kama watu wanavyoonyesha albamu ya harusi.

Onyo kwa wazazi: usimlinganishe na mtoto wa jirani anayejua kucheza gemu. Kucheza gemu na kuandika programu ni kama kula pilau na kupika pilau.

Utajua umefaulu akikwama na asikuite kwa dakika tano nzima.

## Hatua ya 6: Kazi yake mwenyewe, ionekane na watu wake

Baada ya miezi mitatu kila wawili wachague tatizo la nyumbani kwao. Wangu waliwahi kufanya daftari la madeni ya duka la shangazi, hesabu ya kupaka hina bibi harusi na wenzake (mikono kiasi gani, miguu kiasi gani, amana imelipwa au bado), na mmoja orodha ya zamu ya maji nyumbani ambayo ilileta ugomvi mkubwa manake ilionyesha kaka yake hajawahi kushika zamu hata moja.

Usiwape wewe tatizo. Ukiwapa "tutengeneze tovuti ya shule" watakufanyia tovuti ya shule, na hawataipenda.

Alafu onyesho. Lisiwe la mkurugenzi na meza ya maua, liwe la akina mama. Mikeka, chai, mahamri ya kweli, laptopu tatu, na mama mwenyewe abonyeze. Shangazi mwenye duka alipoona jina la mteja wake sugu na deni lake lote liko pale, hakuuliza tena kama kompyuta inamfaa msichana. Aliuliza kama anaweza kuiweka kwenye simu.

Wakikomaa kuna mashindano ya Technovation ya wasichana wa miaka 8 mpaka 18, timu inatengeneza apu ya kutatua shida ya jamii yao. Mwaka 2017 wanafunzi watano wa Kisumu Girls walifika fainali kule California kwa apu yao ya i-Cut ya kuwasaidia wasichana dhidi ya ukeketaji. Waonyeshe hilo. Kisumu ni mbali lakini sio mwezini.

## Hatua ya 7: Simu na watu wabaya

Fupi tu. Atakapoanza kutumia mtandao mfundishe paswadi ndefu isiyo jina lake wala mwaka wake, asimpe mtu yeyote namba za siri zinazoingia kwa meseji, na mtu asiyemjua akiomba picha aje akuambie.

Hiyo ya mwisho haitafanyika ukimtisha. Wazazi wengi wanasema "nikisikia tu, simu naichukua". Bas, hutasikia. Mwambie mapema, mbele ya mama yake, kwamba akikuletea habari mbaya simu haitachukuliwa. Namba ya watoto ya 116 ni ya bure Kenya nzima, iandikwe ukutani darasani.

Na kazi za mtandaoni zinazoanza kwa kuomba ada ya kujiandikisha, jibu ni hapana.

## Hatua ya 8: Masomo, kabla mlango haujafungwa

Nimeona msichana bora kuliko wote niliowahi kufundisha akifika mwisho na kukuta hawezi kuomba kozi aliyoitaka, kwa sababu miaka miwili nyuma aliambiwa aache fizikia "ni ngumu kwa wasichana". Hakuna aliyemkataza kompyuta. Walimwondolea ngazi tu.

Walio kwenye mfumo wa zamani, ambao KCSE yao ya mwisho ni mwaka 2027, washike hesabu na fizikia. Kozi nyingi za sayansi ya kompyuta chuo kikuu zinaangalia hayo mawili kwanza. Somo la kompyuta la KCSE ni zuri, lina karatasi ya nadharia, ya vitendo na mradi, lakini peke yake halibebi.

Walio kwenye mfumo mpya, gredi ya 10 iliyoanza Januari 2026, wanachagua mkondo mmoja kati ya mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Kompyuta iko STEM. Na kuna hesabu aina mbili, ile kamili wanayoiita Core na ile nyepesi wanayoiita Essential. Anayetaka kompyuta achukue Core. Nyepesi itamfurahisha gredi ya 10 na kumliza baadaye.

Mzazi, nenda shule *kabla* ya fomu ya kuchagua kujazwa. Uliza maswali haya kwa mwalimu mkuu: shule ya sekondari anayoichagua inatoa somo la kompyuta kweli au liko kwenye karatasi tu? Mwalimu wake yupo? Maabara inafunguliwa mara ngapi kwa wiki, na funguo anashika nani? Swali la funguo usione haya kuliuliza. Nimeona maabara mpya kabisa, kompyuta bado zimevaa nailoni zake, na mwenye funguo amehamishwa.

Utajua umefaulu akiweza kukueleza mwenyewe, bila karatasi, masomo aliyochagua na kozi gani yanafungua.

## Hatua ya 9: Siku ya kuomba chuo

Alama kwanza. Wastani wa C+ unafungua digrii, C- unafungua diploma, D inafungua cheti kwenye vyuo vya ufundi. Aliyepata C- hajafeli kompyuta, diploma ya programu au ya mitandao ni njia halali na anaweza kupanda nayo mpaka digrii. Maombi yanapita KUCCPS (ofisi inayowagawa wanafunzi vyuoni), mkopo unapita HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), na basari ya kaunti na ya CDF (mfuko wa eneo bunge) ziombwe zote mbili. Kama hofu ni umbali, Pwani University iko Kilifi, huo ndio mpaka wa safari. Kuna pia codeHive ya AkiraChix jijini Nairobi, mafunzo ya mwaka mmoja ya wasichana tu, wanakaa na kusoma kwa ufadhili, na ukimwambia nyanya kwamba ni wasichana watupu na wana mahali pa kulala palipoangaliwa, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Sasa siku yenyewe. Watu wanaenda saiba, baba anampa kijana wa pale karatasi ya matokeo na shilingi mia mbili, kijana anajaza anavyojua yeye kwa imeli yake mwenyewe kwa sababu binti "hana imeli". Nilishaona hayo. Kozi zikabadilishwa mpangilio, ujumbe wa chuo ukaenda kwenye imeli ya mtu ambaye alishahama, na nafasi ikapita bila mtu kujua.

Kwa hiyo imeli afungue mwenyewe mwaka mzima kabla, aitumie mpaka aizoee. Kozi aziandike kwenye daftari kwanza kwa mpangilio anaoutaka, muzijadili nyumbani, mzozane humo humo. Siku ya kujaza yeye ndiye anayekaa kwenye kiti, wewe unasimama nyuma, mikono mgongoni kama tulivyosema. Paswadi zote aziandike kwenye karatasi moja, karatasi iingie kwenye bahasha ile ile yenye cheti chake cha kuzaliwa, na bahasha iwekwe pale nyanya anapoweka hati ya nyumba.